Tulipomtafuta Ami Kwenye Picha

Kazi niliyopewa na kamati ilionekana nyepesi kuliko zote. Wenzangu waligawana turubai, viti, sufuria za pilau na vipaza sauti. Mimi nikaambiwa nitafute picha za Ami, refa wetu, ishirini hivi, tuzitundike siku ya kumuaga, atakapopuliza mechi yake ya mwisho. Mtu amepuliza kipenga zaidi ya miaka 30, Makadara, Serani, Tononoka, mpaka ng'ambo ya Likoni na Kisauni. Picha zake zitakosekanaje?

Nikaanza na waliocheza. Mombasa hii kila mchezaji wa zamani ana bahasha yake, iwe juu ya kabati au chini ya godoro, na ukimtajia fainali fulani atainuka kwenda kuileta hata kama goti halimruhusu. Nikaonyeshwa vikosi vilivyosimama mistari miwili, kombe katikati. Refa hayumo. Nikaonyeshwa magoli: kipa yuko chini, mfungaji yuko hewani, na pembeni kabisa pametokeza mkono mmoja, mkono mweusi wa jezi, umeelekea kati ya uwanja. Mkono ule ni wa Ami. Kwengine ni mgongo wake. Kwengine ni kiatu na soksi. Picha moja ilikuwa imekatwa kwa mkasi ili ienee kwenye fremu, na aliyekatwa ni yeye.

Jioni moja nikakaa na wazee barazani, kahawa chungu inapita. Hawa walikuwa vijana Feisal ilipouleta Mombasa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na mpaka leo wakiitaja timu ile sauti zao hupanda. Walinipa kikosi, nani alicheza wapi, nani alikuwa na mguu wa kushoto. Nikawauliza, mechi zile nani alipuliza? Wakatazamana. Mmoja akasema, "Refa alikuwako, hilo sina shaka."

Baada ya wiki tatu nilikuwa na picha arubaini na kitu. Ami alikuwamo katika 11, ukihesabu mikono na migongo. Uso wake mzima ulionekana katika moja tu. Amenyoosha kadi nyekundu juu, macho yamekazwa, na aliye mbele yake, mdomo wazi, ni mimi.

Nilikuwa na miaka 19, beki wa kati, fainali ya mashindano ya mtaa pale Makadara. Dakika za mwisho tulikuwa mbele kwa moja bila. Kona ikapigwa, kipa wetu akaukosa, mpira ukapigwa kichwa na mimi niko peke yangu kwenye mstari. Niliuona unakwenda wapi kabla haujaondoka kwenye paji la uso wa yule mshambuliaji. Mguu usingefika. Nikanyosha mkono, nikautoa.

Hapana utata hapo. Ukizuia goli la wazi kwa mkono, ni kadi nyekundu na penalti. Lakini nilimwendea Ami na maneno ambayo sitayaandika, maneno ya kumtaja mama yake, mbele ya uwanja mzima. Mwanawe mdogo alikuwa amekaa chini karibu na kibendera cha kona, anakula mabuyu. Ami hakunijibu. Alitoa kibuku chake, akaandika namba yangu, akangoja mpaka nikavuka mstari, kisha akaweka mpira penalti. Walisawazisha, na mwisho wakachukua kombe.

Watu walipoanza kutawanyika alinikuta nimekaa ukutani. Nikadhani amekuja na lake. Akaniuliza, "Umekula?"

Sikujibu. Akasema, "Ile kadi ni ya mkono wako. Ya mdomo wako nimeiandika kwenye ripoti, na utafungiwa. Sasa Jumamosi utakuwa huna kazi. Njoo Serani saa tisa unusu, uvae viatu vya kukimbilia."

Nilikwenda kwa sababu sikujua la kufanya na aibu yangu. Akanipa kibendera. Miaka ilipita kabla sijathubutu kumuuliza kwa nini alinichagua mimi, siku ile, baada ya yale. Akasema, "Wewe uliuona mpira ule kabla ya mtu mwengine yeyote. Kabla yangu pia. Nikajisemea, macho haya yanapotea bure."

Watu hudhani kushika kibendera ni kukimbia na kuinua mkono. Ami alinisimamisha sawa na beki wa pili kutoka mwisho, akanikataza kuuangalia mpira. Niliona ni wazimu. Akanieleza: macho hayawezi kuwa pahali pawili. Ukitazama mpira unapopigwa, ukigeuka umtazame mshambuliaji, keshakimbia hatua mbili na wewe utamhukumu kwa hatua alizopiga baadaye. Basi macho yako yabaki kwenye mstari wa beki, na mpira uusikilize. Mguu ukigonga mpira, pale pale, piga picha kichwani: nani yuko wapi, nani ameotea.

Kusikiliza mpira Mombasa ni kazi. Upepo wa kusi ukivuma hubeba sauti zote upande mmoja. Kuna ngoma za mashabiki, honi za matatu, tuktuk, muuza madafu anayegonga panga lake. Mechi zangu za mwanzo niliinua kibendera kwa kukisia, na nusu wakati Ami aliniuliza swali moja tu, "Uliusikia, au uliuona?" Nikisema niliuona, alitikisa kichwa na kunywa maji yake. Ilinichukua karibu msimu mzima. Siku niliyoweza kuusikia mguu ndani ya kelele zote zile nilihisi kama mtu aliyefunguliwa mlango, na hadi leo nikiwa uwanjani sikio langu hufika kwenye mpira kabla yangu.

Kitu chengine ni saa. Mtu asiyeishi hapa huenda asielewe kwa nini refa awe mkali namna ile juu ya saa kumi. Hesabu mwenyewe. Mechi ikianza saa kumi kamili, kipindi cha kwanza, mapumziko ya robo saa na kipindi cha pili vinakufikisha saa kumi na moja na dakika 45. Ikiwa ni fainali na wametoka sare, dakika 30 za nyongeza zinakuleta saa kumi na mbili na robo, na hapo hujahesabu majeruhi wala penalti. Jua la Mombasa halina subira. Mwaka mzima halizami mbali na hapo. Magharibi ikiadhiniwa na penalti tatu zimebaki, nusu ya uwanja inataka kwenda kuswali na nusu inataka kujua bingwa, wakati kipa hauoni mpira vizuri. Ugomvi mkubwa niliowahi kuuona kwenye viwanja vyetu ulianza na mechi iliyochelewa nusu saa kwa ajili ya mgeni rasmi. Ami hakumngojea mgeni rasmi hata mmoja. Timu isiyotokea saa kumi aliihesabia muda uliowekwa kwenye kanuni za mashindano, kisha akaandika. Walimwita mkaidi. Mimi nasema aliwaheshimu watu elfu mbili waliofika kwa wakati.

Kazi yake ya mkate ilikuwa bandarini, kuhesabu shehena. Mechi ya mtaa malipo yake mara nyengine hayatoshi nauli na soda. Alfajiri baada ya swala alikuwa Mama Ngina, karibu na mibuyu, anakimbia mita 75 na kutembea 25, mara 40, kama waamuzi wa FIFA wanavyopimwa, ingawa hapakuwa na aliyempima. Beji ya FIFA hakuipata. Enzi zile mwamuzi akifika miaka 45 alikuwa anatoka kwenye orodha ya kimataifa, na Ami alifika 45 akiwa bado nasi, kwenye mchanga na mashimo. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Januari 2022, Salima Mukansanga wa Rwanda alipokuwa mwanamke wa kwanza kupuliza mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, Zimbabwe na Guinea, simu yangu ililia mpira ungali unachezwa. "Umeona anavyosimama? Umeona haharakishi kipenga?" Haukupita muda mrefu wasichana wawili wa mtaani wakawa wanakimbia nasi pale Mama Ngina.

Tena alikuwa mwalimu wa baraza zima. Alianza kupuliza kabla ya 1992, wakati kipa alirudishiwa mpira kwa mguu na kuudaka, dakika zinakwenda. Sheria ilipobadilika alikuja na daftari akawaeleza wazee, akachora kwa chaki sakafuni. Mwaka 2016 mpira wa kuanzia uliporuhusiwa kupigwa upande wowote, alikuja. Mwaka 2019 iliposemwa kwamba mpira ukimgonga refa na ukageuza mchezo lazima usimamishwe, alikuja tena. Sisi huku hubishana kwa sheria tulizozisikia utotoni, na yeye hakutaka mtu atukanwe kwa sheria iliyokwisha kufutwa.

Lakini jambo ambalo lingenifaa zaidi kumweleza mtu asiyemjua sikuliona kwa macho yangu. Nililipata katika kutafuta zile picha.

Ndani ya mkoba wake, pamoja na vipenga viwili, sarafu, kadi na kibuku, Ami alibeba sindano ya mbao ya kushonea nyavu, ile ya wavuvi, imezungushiwa uzi. Kabla ya kila mechi alizizunguka nyavu zote mbili na kuziba matundu. Miaka yote nilidhani ni tabia ya mtu aliyekulia karibu na mashua.

Nahodha mmoja wa zamani, nywele zote nyeupe sasa, alinitolea bahasha yake. Ndani mlikuwa na picha ya nusu fainali ya zamani sana. Akaniwekea kidole kwenye wavu wa ubavuni. "Hapa palikuwa na tundu," akasema.

Shuti lilipigwa kutoka pembeni, likapita nje ya mlingoti, likaingia kwenye tundu na kutulia ndani. Ami, kijana wakati huo, aliuona mpira umo ndani ya wavu. Mshika kibendera wake alikwisha kukimbilia kati. Goli. Wachezaji wa yule mzee walilia, wakaonyesha tundu, lakini ilikuwa baada ya mpira kuanzishwa upya, na mpira ukishaanzishwa refa hana tena ruhusa ya kubadilisha uamuzi wake. Walitolewa kwa goli lile.

"Tulikuwa tumepatana," mzee akaniambia, "tukimkuta njiani tumpige. Kesho yake baada ya Isha tumekaa barazani, twamuona yuwaja. Peke yake. Amevaa kanzu."

Ami aliwatolea salamu, akasimama. Mzee aliyakumbuka maneno yake kama mtu anayekumbuka shairi: "Goli lile halikuwa goli. Wavu ulikuwa na tundu, na kuliona kabla ya mechi ilikuwa kazi yangu. Kuwarudishia siwezi, sheria hainipi. Nimekuja ili msije mkadhani mliona vibaya."

Hakuna aliyejua afanye nini. Mwisho mmoja wao akamsogezea kikombe cha kahawa.

Nilirudi nyumbani usiku ule sikulala mapema. Mimi ni mwamuzi sasa, nimekosea mara nyingi, na mara zote nilipokwenda kuomba radhi nilikuwa nataka kitu: nataka nionekane muungwana, nataka watu waache kuninong'ona. Ami hakwenda kutafuta lake. Alijua kuna watu 11 na mashabiki wao waliolala wakijiuliza kama macho yao yamewadanganya, na yeye peke yake ndiye aliyeweza kuwarudishia macho yao. Ameubeba ule uzi tangu siku hiyo, na hakumwambia yeyote kwa nini. Tangu niyasikie hayo nimejaribu kufanya vivyo hivyo mara mbili. Mara ya kwanza nilifukuzwa. Mara ya pili walinisikiliza mpaka mwisho, tukaachana kimya. Ni kazi nzito kuliko dakika 90.

Kwenye kamati kulikuwa na ubishi. Wengine walisema picha zenyewe hazina maana, mkono na mgongo, tuzitupe tuweke shada la maua. Nikakataa. Nikazikuza picha zote 11, na kila moja nikamzungushia Ami duara kwa kalamu nyekundu: mkono hapa, soksi pale. Siku ya siku, Serani, turubai lilijaa kuanzia saa nane. Watu walisimama mbele ya picha walizokuwa nazo majumbani kwao miaka mingi, wakaona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwamo. Nilimsikia bwana mmoja akimwita mkewe, "Njoo uone, huyu hapa, huyu hapa."

Ile ya kadi nyekundu niliitundika pia. Mwanawe Ami akaja kusimama kando yangu, naye sasa amebeba mtoto. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka. Nikamwambia nisamehe kwa yale uliyoyasikia ukiwa mdogo, nilimtusi bibi yako na baba yako amesimama. Alinyamaza kidogo, akahamisha mtoto bega la pili.

"Watu husema baba hakasiriki," akasema. "Usiku ule hakula."

Nikakumbuka aliloniuliza pale ukutani.

Hotuba zilikuwa baada ya Magharibi, na zilikuwa nzuri. Nina neno moja tu juu yake. Yale tuliyomwambia Ami pale kwenye kipaza sauti, kwamba ametulea, kwamba bila yeye vijana wangeumizana, tungaliweza kumwambia Jumamosi yoyote. Tungaliweza kumpa chumba cha kubadilishia nguo chenye komeo. Siku alizotemewa mate, siku aliyotolewa Kisauni nyuma ya lori la mchanga, wengi wetu tulikuwako tukamtazama. Wale wasichana wawili wa Mama Ngina, mmoja alishika kibendera katika mechi hii ya mwisho, na dakika ya kumi tu nilimsikia mtu akimtupia tusi kutoka nyuma ya kamba. Nilimwendea yule mtu. Sikumfokea. Nilimwonyesha turubai, nikamwambia aende akatazame picha ya mwisho upande wa kulia, ile ya kadi nyekundu, kisha arudi tuzungumze. Alikwenda. Hakurudi kwangu, lakini hakutusi tena.

Kabla ya mechi hiyo, saa tisa na nusu hivi, yule nahodha mwenye mvi alifika kwa tuktuk na wenzake wanne wa timu ile, na gunia. Ndani mlikuwa na nyavu mbili mpya, nyeupe, walizochangiana. Hawakumtolea hotuba. Nahodha akasema, "Ami, salaam aleikum. Tumekuletea hizi, utufungie wewe."

Ami aliushika ule wavu, akaupitisha katikati ya vidole kama mtu apimaye kitambaa dukani. Nilimwona midomo inatikisika, sikusikia alichosema. Kisha wakaenda wote, wazee watano na refa, golini. Walifunga upande wa baharini, wakavuka uwanja polepole, wakafunga na upande wa pili. Wachezaji walikwisha kupasha moto misuli, wamepanga mistari miwili ya kumpigia makofi anapoingia, lakini hakuja. Alikuwa nyuma ya goli, amechuchumaa, anabonyeza fundo moja baada ya jengine, wavu mpya kabisa, ulioshuka gunia sasa hivi.

Chini kwenye pembe ya kushoto, pale wavu unapokutana na ardhi, kamba ilikuwa imelegea. Pengine mpira ungepita, pengine usingepita. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane. Ami akafungua mkoba, akatoa sindano yake ya mbao, akaketi kabisa mchangani na jezi yake mpya nyeusi. Yule nahodha akaketi kando yake, akamshikilia kamba ikaze. Uwanja mzima ukawatazama, na hakuna aliyepiga kelele.

Saa kumi kamili kipenga kikalia.